Ridhaa ya Wabebaji: Wasimamizi na Mabadiliko ya Taasisi katika Historia ya Tabora

Mabadiliko ya taasisi hutokea pale watu waliojipanga kwa lengo moja, iwe katika chama, shirika, shule au ofisi ya serikali, wanapoacha utaratibu waliouzoea wa kugawana kazi, madaraka na malipo na kushika utaratibu mwingine. Katika jambo hilo taaluma ya menejimenti humpa msimamizi dhima mbili: ushawishi, yaani kuwafanya watu waone haja ya kubadilika na kuikubali, na utekelezaji, yaani kuyafanya yaliyokubaliwa yawe kazi ya kila siku. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alieleza mwaka 1947 kwamba mabadiliko ya kikundi hupita hatua tatu, nazo ni kuyeyusha mazoea ya zamani, kuhamia kwenye hali mpya na kuyagandisha mazoea yaliyopatikana. Mwaka 1996 John Kotter alipendekeza hatua nane. Nadharia hizi zimesaidia wengi, lakini zina upungufu mmoja mkubwa, kwa kuwa humweka msimamizi nje ya taasisi, kana kwamba yeye ndiye mtendaji na waliobaki ni watendewa. Historia ya Tabora inaonyesha vingine: msimamizi hufanikiwa kubadili kile ambacho wale watakaokibeba walipata nafasi ya kweli ya kukikataa.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya biashara ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, eneo la Tabora, na hapo njia ikagawanyika, moja ikielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Unyanyembe Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga na kulima. Mali ilikuwa ya wafanyabiashara hao pamoja na watemi na matajiri wa Kinyamwezi, lakini mabega yaliyoisafirisha yalikuwa ya wapagazi, ambao wengi wao, hasa Wanyamwezi, walifanya kazi hiyo kwa ujira, ingawa watumwa nao walikuwamo katika misafara mingi na mateso yao hayapaswi kusahauliwa.

Mpangilio wa msafara unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ulikuwa taasisi kamili yenye ngazi, kanuni na adhabu. Chini ya mwenye mali walikuwapo wanyampara, yaani wakuu wa makundi ya wapagazi, ambao walisimamia mizigo na nidhamu na kusema kwa niaba ya watu wao. Mbele ya wote alitembea kirongozi, mjuzi wa njia, ambaye mara nyingi alipata nafasi hiyo kwa kukubaliwa na wapagazi wenyewe. Burton aliandika kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirongozi, na kwamba aliyethubutu alichomolewa mshale katika podo lake ili uwe ushahidi, naye akalipa faini safari ilipokwisha. Kanuni hiyo ndogo inaeleza mengi kuhusu mamlaka katika msafara, kwani heshima ya aliyeongoza ililindwa na desturi ya wabebaji, wala haikutegemea bunduki ya tajiri.

Kwa hiyo tajiri aliyetaka kurefusha mwendo wa siku, kubadili njia ili kukwepa hongo (ushuru wa kupita) ya mtemi fulani, au kupunguza posho, yaani chakula cha kila siku au kitambaa cha kukinunulia, hakuweza kutoa amri tu. Ilimbidi kwanza azungumze na wanyampara, nao wakapeleka maneno kambini, mahali ambapo wapagazi walikula na kulala kwa vikundi, kisha wakarudi na jibu. Jibu likiwa baya, asubuhi mizigo ilibaki chini, au watu walitoroka usiku, na frasila mbili za pembe zisizo na bega la kuzibeba hazikuwa na thamani yoyote katikati ya pori la Ugogo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyewatafiti wapagazi hawa kwa kina, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wenye utamaduni wa kazi na wenye kujua kugoma, muda mrefu kabla ya kuwapo kwa vyama vya wafanyakazi.

Kando ya utaratibu huo ulikuwapo mfano wa kinyume. Mtemi Mirambo wa Urambo, kiongozi mwenye kipaji kisicho na shaka, aliziunganisha himaya ndogo nyingi za Kinyamwezi chini yake kwa nguvu za rugaruga, yaani askari vijana waliomtii yeye binafsi, na kuanzia mwaka 1871 alipigana na wafanyabiashara wa Tabora kwa miaka kadhaa. Alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kumeguka mara moja, kwa kuwa mabadiliko aliyoyaleta yalikuwa yamefungwa kwenye mtu na hayakuwa yamepata makao katika ridhaa ya himaya alizoziunganisha.

Mfano ulio wazi zaidi wa ushawishi na utekelezaji ulitokea Tabora mjini Januari 1958, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilipofanya mkutano wake mkuu wa mwaka. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na uliweka masharti ya elimu, kipato au cheo yaliyowafungia nje Waafrika walio wengi. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameazimia kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Julius Nyerere, rais wa chama, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa na msimamo tofauti: TANU ikisusia, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na serikali, na uhuru utacheleweshwa na watu wasioutaka.

Nyerere hakuwa mgeni Tabora. Alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's kuanzia mwaka 1946, na huko akashiriki katika tawi la TAA, chama kilichoitangulia TANU. Hata hivyo hakuutumia urais wake kuifunga hoja. Wapinzani walisema hadi wakamaliza, na inasimuliwa kwamba yeye aliwajibu kwa mfano wa mwenye shamba lililoiva ng'ambo ya matope, ambaye hawezi kulifikia pasipo kukubali kuchafuka. Jambo lililo muhimu zaidi kwa mwanafunzi wa menejimenti ni umbo la azimio lenyewe, ambalo baadaye lilijulikana kama Uamuzi wa Busara: kushiriki uchaguzi kuliambatana na dai la serikali ya madaraka mwaka 1959 na onyo la hatua kali dai hilo likikataliwa. Kwa njia hiyo, waliotaka mapambano waliondoka na sehemu ya hoja yao ndani ya uamuzi wa wote, na msimamizi anayejivunia kuwashinda wapinzani wake kwa wingi wa kura tupu hupoteza kitu ambacho Nyerere alikipata pale.

Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU na kuanzisha African National Congress, akishikilia kwamba chama kilikuwa kimeiuza misingi yake, na miaka minne baadaye alishindana na Nyerere katika uchaguzi wa rais wa nchi akaambulia kura chache sana. Vitabu vya menejimenti vingemwita mtu wa aina hii mpinga mabadiliko, na jina hilo linamdhulumu, kwa sababu alikuwa akitetea msimamo ambao siku chache kabla ulikuwa wa wajumbe wengi.

Baada ya mkutano ilibaki kazi ya utekelezaji, ambayo ndiyo ngumu zaidi. Wajumbe walirudi kwenye matawi yao wakawaandikisha wenye sifa za kupiga kura, wakawaeleza wanachama wa chama kilichokuwa cha Waafrika pekee kwa nini sasa wawape kura wagombea wa Kizungu na wa Kiasia kama Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, uliwapa ushindi wagombea waliokubaliwa na TANU, na UTP ikafa. Mazoea mapya hata hivyo yalichelewa kuingia katika kanuni, kwani milango ya uanachama ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1963 tu. Na Januari 1962, wiki sita hivi baada ya uhuru, Nyerere alimwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu ili akaijenge upya TANU, hatua ambayo viongozi wachache sana wa taasisi yoyote wangeithubutu.

Swali la ridhaa lilirudi pia katika usafiri. Njia ya misafara ilirithiwa na Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2007 uendeshaji wake ulikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ambayo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali asilimia 49. Ikafuata migomo ya wafanyakazi kuhusu mishahara, na mwaka 2011 hisa zote zikarudi serikalini. Uchakavu wa vichwa vya treni na mafuriko yaliyoharibu njia eneo la Kilosa vilichangia kushindwa kwa mkataba huo, hivyo haitakuwa haki kuutupa mzigo wote kwa mameneja, lakini mabadiliko ambayo wafanyakazi waliyaona kama mkataba wa watu wengine yalikosa watetezi pale yalipowahitaji.

Sasa reli ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuelekea Tabora. Mji huu una Chuo cha Reli na una watu waliotumikia reli ya zamani maisha yao yote, kuanzia madereva na mafundi wa karakana hadi magenge ya kutengeneza njia, ambao wanajua ni daraja lipi hujaa maji wakati wa masika na ni kituo kipi hukosa maji kiangazi. Nafasi yao ya kusema ni sasa, kabla ratiba, vyeo na viwango vya mishahara ya njia mpya havijapitishwa, na wenye wajibu wa kuwaita kikaoni ni mameneja.