Insha Niliyoiandika Mimi

(Mazungumzo na wazazi katika kikao cha maandalizi ya sherehe za Uhuru, Doha)

   

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi ya leo, kwa hiyo mkiniona napiga miayo msidhani nimechoka na maneno yangu mwenyewe. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano nizungumze juu ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi na ukurasa wa watoto katika jarida la Uhuru. Mimi si mwalimu, ni muuguzi. Niliingia darasani kuziba nafasi ya dada mmoja aliyekwenda kujifungua, na mpaka leo sijatoka.

Nianze kwa kuungama. Mwaka jana jarida lilichapa insha ya binti yangu kuhusu tarehe 9 Desemba 1961. Ilikuwa na Mwenge juu ya Kilimanjaro, ilikuwa na Mwalimu Nyerere, na ilimalizika kwa methali mbili. Mlimpigia makofi ukumbini. Insha ile niliiandika mimi, jikoni, saa tano usiku, yeye amelala. Tulipokuwa kwenye gari kurudi nyumbani akaniambia, "Mama, wamekupigia makofi." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananipa taarifa tu.

Baadaye nilipofungua jarida lote nikakuta insha kumi na tatu za watoto, na karibu zote zimeanza kwa sentensi moja: Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961 kutoka kwa Mwingereza. Nikaona kumbe jikoni saa tano usiku hatukuwa peke yetu.

Mnacheka kwa sababu mnajua. Basi tusilaumiane, tutazame chanzo. Mtoto wetu hapa Doha anatoka kwenye fleti, anapanda basi la shule, anashuka, anarudi kwenye fleti. Miezi ya Juni hadi Septemba nje hakukaliki. Ukimwambia aandike kwa Kiswahili, ataandika nini? Lugha anayo kidogo, lakini ugonjwa mkubwa si lugha. Hajagusa kitu ambacho Kiswahili ndicho jina lake la kwanza. Ndiyo maana tunaishia kumwandikia.

Sisi wa umri wangu tuliosoma nyumbani tuligusa. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, ilitukuta bado ina nguvu shuleni. Tulihesabu kwa vizibo vya soda na vijiti. Tulikuwa na shamba la shule, tukapanda mahindi na kunde. Lakini nisiwadanganye watoto kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Katika shule niliyosoma mimi, shamba lilikuwa mahali pa adhabu. Ukichelewa, tuta. Ukipiga kelele, tuta mbili. Mwalimu Nyerere alitaka kazi ya mikono na somo vishikane. Sisi tulilima, tukanawa mikono, tukaingia darasani kukariri insha ya "Siku Nitakayoikumbuka", ambayo darasa zima tuliikumbuka siku ileile moja. Hakuna aliyetuambia tuandike tulichokiona shambani. Na tuliona mengi! Kuna siku jembe liliibua kiota cha panya, watoto wake wekundu kama ulimi. Nina miaka arobaini na kitu na leo ndiyo mara ya kwanza naisema habari ile mbele za watu.

Kuandika nilichokiona nilifundishwa ukubwani, na haikuwa somo la lugha. Nilikuwa Bangalore, India, nasomea shahada ya uuguzi. Asubuhi moja nikakabidhi taarifa ya wodi: mgonjwa amelala vizuri usiku kucha. Mwalimu wetu wa wodini akaniuliza, "Ulikuwa ndani ya usingizi wake?" Akanirudishia. Nikaandika upya: saa 8 usiku, macho amefumba, anapumua mara 16 kwa dakika, shuka amelisukuma chini. Akasema sasa hata mtu ambaye hakuwepo atajua kilichotokea. Ndilo somo pekee la uandishi nililo nalo, na ndilo nililolipeleka kwa watoto.

Jumamosi yangu ya kwanza sikuwapa daftari. Niliwapa chupa tupu za maji za plastiki. Wauguzi na wahudumu wa afya wa zamani watakijua kichezo hiki. Kilitoka kwa wahudumu wa afya wa kijiji cha Ajoya, Mexico, waliofanya kazi na David Werner, yule aliyeandika kitabu tunachokiita Mahali Pasipo na Daktari. Kikaenea pia kupitia mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ulioanzishwa London mwaka 1978 na daktari wa watoto David Morley pamoja na mwalimu Hugh Hawes. Wazo lao lilikuwa jepesi: nyumba nyingi mtoto mdogo analelewa na mtoto mkubwa, basi mfundishe huyo mkubwa, na umfundishe kwa mikono.

Chupa ndiyo mtoto mchanga. Unamchorea uso. Juu ya kichwa unakata tundu, unalifunika kwa kitambaa chepesi kilicholowa, huo ndio utosi. Chini unatoboa tundu jingine na kuliziba kwa kijiti. Unajaza maji mpaka yaguse kitambaa. Kisha unawaambia watoto: mtoto ameanza kuharisha, chomoeni kizibo.

Maji yakatoka, kitambaa kikaanza kubonyea kufuata maji. Darasa lilinyamaza kimya. Kijana mmoja wa miaka minane, ambaye kwa kawaida hakai kitini, akasema taratibu, "Kichwa kinaingia ndani." Mwingine akakimbilia kuziba tundu kwa kidole. Msichana akachukua kikombe akaanza kumwaga maji juu, na wakagundua wenyewe, mimi sijasema neno, kwamba ukiongeza maji kwa kasi ileile yanayotoka, utosi haubonyei. Kwenye semina jambo hilo hunichukua saa nzima kuwaeleza watu wazima.

Tukachanganya maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Dawa ya pakiti ndiyo bora, nawaambia na nyinyi wazazi, lakini ikikosekana hii inasaidia. Kabla ya kutia sukari unaonja maji yako ya chumvi. Yasizidi chumvi ya machozi. Mtoto mmoja akauliza atajuaje chumvi ya machozi. Mwenzake akamjibu, "Siku ya kurudi kutoka likizo, Dar, uwanja wa ndege." Sikuwa na la kuongeza.

Hapo ndipo nilipogawa karatasi. Nikawaambia: andikeni mlichokiona, si mnachodhani mimi nataka. Mkikosa neno la Kiswahili, wekeni la Kiingereza au Kiarabu, msisimame. Wakaandika dakika ishirini. Makosa yalikuwemo, tena mengi. "Niliziba tundu na kidole yangu." "Maji ili-finish." Kuna baba hapa aliona karatasi ya mwanawe akaniuliza mbona sikupitisha kalamu nyekundu. Kaka yangu, mgonjwa akiletwa anavuja damu, huanzi kumkata kucha. Kwanza mtoto aseme kitu kizima. Wiki inayofuata tunarudi kwenye karatasi ileile, tunaisoma kwa sauti, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayesikia kwamba kidole si "yangu". Kosa alilolisikia mwenyewe halirudi upesi.

Mwezi wa Januari, hewa ilipopoa, tuliwapeleka Al Thakhira, kule kwenye mikoko karibu na Al Khor. Baba mmoja aliyekulia Rufiji alifuatana nasi. Alishuka garini, akatazama, akacheka peke yake. "Huu ni mchu," akasema. "Huu tunao kwetu." Na kweli, mti ni uleule. Akawaonyesha mizizi inayochomoza kwenye matope kama penseli, ambayo mti unapumulia. Akawaambia walambe jani. Mama wawili walishtuka, nami kama muuguzi nilijifanya sijaona. Jani la mchu lina chumvi, kwa sababu mti unaitoa chumvi yake kupitia majani. Mtoto mmoja aliandika: "Mti unatoka jasho. Ulimi wangu umejua kabla yangu."

Akaendelea kuwasimulia habari ya boriti. Nyumba za zamani za huku Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka pwani yetu, Rufiji na Lamu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Wiki iliyofuata tukaingia nyumba moja ya kale iliyohifadhiwa hapa mjini, watoto wakapima chumba kwa hatua: kirefu sana, lakini chembamba. Wakatazama darini wakajua kwa nini. Kuna binti yetu aliyezaliwa hapahapa Doha, na shuleni huulizwa kila siku ametoka wapi. Aliandika sentensi moja tu siku ile: "Miti ya kwetu ilifika Qatar kabla ya baba." Nimeisoma mara nyingi. Na sijui mzazi gani angeweza kumwandikia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa, maana Mwenyekiti anatazama saa.

Mwezi uliopita niliwapa kazi ya kumwandikia barua mtu wa nyumbani. Niliwaambia kwamba Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua kwa miaka mingi, tangu 1931, na kwamba barua zile leo ni kitabu. Msichana wa miaka tisa alimwandikia bibi yake. Nimepewa ruhusa na mama yake kuisimulia bila kutaja jina. Aliandika hivi:

"Bibi shikamoo. Mimi nakujua kichwa na mabega na mkono mmoja wa kushika simu. Miguu yako sijaiona. Ukisimama simu inaonyesha ukuta. Ukuta ni wa kijani. Mama anasema tutakuja mwakani na mwaka jana alisema mwakani. Nikija nitaanza kutazama miguu."

Mama yake aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaitia mkobani. Akaniambia, "Dada, hii haiwezi kutoka kwenye jarida. Watu watasema hatuendi nyumbani." Nikamwambia nusu ya ukumbi hawaendi. Tiketi za watu watano si mchezo, na likizo ya wengi wetu haipatikani kila mwaka. Akasema anajua, lakini kuandikwa ni kitu kingine. Yuko sahihi. Kuandikwa ni kitu kingine. Sisi wahamaji tumezoea kupeleka nyumbani picha za Corniche, majengo nyuma, tabasamu mbele. Jarida la Uhuru nalo hupelekwa nyumbani, hata Ubalozi hupewa nakala. Mtoto akiandika alichokiona, atakuwa ameona na sisi pia. Atamwona baba anayelala mchana kwa sababu ya zamu. Atasikia simu ya nyumbani inayoomba ada. Msidhani nayasema haya kwa wepesi; kuna karatasi ya binti yangu mwenyewe nimeificha kwenye kabati, inahusu jinsi ninavyomjibu nikiwa nimechoka.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni hili. Ukurasa wa watoto mwaka huu uandikwe na watoto, kwa mkono wao, na uchapwe kama ulivyo baada ya wao wenyewe kuusahihisha. Mtoto aseme ndiyo na mzazi aseme ndiyo. Mmoja akikataa, karatasi irudi nyumbani salama na isijadiliwe. Zisipotimia kumi na tatu, zichapwe tano. Anayetaka historia ya 1961 ataipata kwenye hotuba ya Mwenyekiti, ambayo najua ameiandika mwenyewe.

Na mnaokwenda likizo Desemba hii, punguzeni dagaa kidogo mniletee vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kutoa hadithi za Kiswahili kwa umri huu, na nakala kumi hazizidi kilo mbili.

Jumamosi hii tunatengeneza mizani kwa vifuu vya nazi. Nazi zimepatikana, kamba ninayo, namtafuta mtu wa kuja na msumeno. Karatasi za watoto zipokelewe mlangoni kabla ya mwisho wa mwezi. Barua ya miguu ya bibi bado imo mkobani mwa mama yake. Yumo humu ukumbini, na aliniambia atanipa jibu leo au kesho. Sijamuuliza tena.