Jihadhari na Barua za Urithi wa Uongo

Ndugu Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Ushirika,

Hila ya kumtangazia mtu utajiri wa mbali si jambo geni duniani. Katika karne ya 19 watu wa Uingereza na Marekani walipelekewa barua za mfungwa wa kubuni huko Hispania, aliyeomba fedha ili hazina yake iliyofichwa ipatikane. Baadaye hila ya namna hiyo ikajulikana kwa nambari 419, kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Siku hizi hupitia barua pepe, nayo humfikia mkulima kijijini katika simu yake.

Barua hizo hufanana. Mwandishi hujiita wakili au ofisa wa benki. Husema kwamba tajiri amefariki ng'ambo bila mrithi, na kwamba jina lake la ukoo ni sawa na la mpokeaji. Husisitiza siri na haraka. Kisha hutaka nakala ya kitambulisho, nambari ya akaunti na ada: leo ya wakili, kesho ya kodi, keshokutwa ya bima. Kila ada ikilipwa, kikwazo kingine huzuka, na urithi hauonekani kamwe.

Hatari hiyo yaweza kukifikia chama. Mwanachama aliyeamini barua huenda kwa katibu kuomba mkopo, akificha sababu kwa kuwa ameagizwa kunyamaza. Fedha atakazopewa ni jasho la wanachama wote. Yampasa katibu amhoji faraghani na kwa upole, wala asimcheke. Aliyeaibishwa hatarudi kuomba ushauri.

Uchunguzi uanze na marehemu. Je, wazee wa ukoo wanamjua? Alifia wapi, na lini? Ni mahakama gani inayoshughulikia mirathi? Urithi wa kweli huacha kumbukumbu. Tanzania, mahakama humteua msimamizi wa mirathi. Kenya, maombi ya usimamizi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Uingereza, wosia ukishathibitishwa huwa hati ya wazi, na mtu yeyote aweza kununua nakala yake. Basi mwandishi wa barua atakiwe kutoa nambari ya shauri, kisha iulizwe mahakama yenyewe, kwa anwani iliyotafutwa kwingine, si ile iliyomo baruani.

Aliyekwisha kutuma fedha asiongeze hata senti moja. Aiarifu benki au kampuni ya simu mara moja, aende polisi, na ahifadhi barua na stakabadhi zote. Ajihadhari pia na mtu atakayejitokeza akiahidi kumrudishia fedha zake kwa malipo. Mara nyingi huyo ni mwizi yule yule kwa jina jingine.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya wanachama. Tahadhari kabla ya hatari.