Parsele moja, nyumba mbili: kugawanya diski ya mashini bila kupoteza kazi yetu

Maneno tuliyosema mbele ya vijana siku ya mafundisho juu ya mashini

Wengi mumekuja na mashini zenu mgongoni. Leo hatutazungumza juu ya barabara wala juu ya maji. Tutazungumza juu ya ile diski iliyo ndani ya mashini, na namna ya kuigawanya ili mashini moja iweze kutumia Windows na Linux. Mtu anaweza kuuliza: kundi la raia linaingilia nini mambo ya mafundi? Musikie kwanza, kisha mutuhukumu.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kutoa bure matengenezo ya usalama ya Windows 10. Mashini haikuzimika siku ile. Inawaka, inaandika, inacheza muziki. Lakini kila tundu jipya ambalo wezi wanagundua ndani yake linabaki wazi, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kwenye programu ya kuongezewa muda, na muda ule nao uko na mwisho. Wanasema: hamia Windows 11. Sawa, lakini Windows 11 inaomba mashini yenye kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, giga 4 za memwari, giga 64 za nafasi kwenye diski, na prosesa ambayo haijazeeka. Sasa muangalie mashini zilizo juu ya meza hii. Nyingi ni okazyo. Zimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za Ulaya mbele ya kufika sokoni kwetu.

Udongo wetu unatoa koltani inayoingia ndani ya mashini za dunia nzima, kisha mashini zinaturudilia zikiwa zimechoka. Basi hatuwezi kuzitupa kwa sababu tu kampuni moja imesema muda wake umekwisha. Linux inapatikana bure, sheria inaruhusu kuinakili na kumpa jirani, na mashini ya zamani inaiweza. Njo maana tunaizungumzia.

Lakini tuko na akili pia. Mwanafunzi anayemaliza TFC, profesa wake anataka hesabu zifanyiwe kwenye programu inayotembea paka kwenye Windows. Mama mwenye sekretaria, pale wanapochapa na kufotokopi, wateja wanamuletea maandishi ya Word na hawataki mistari iruke. Ukimuambia mtu kama huyo afute Windows leo, unamuharibia kazi. Njo sababu hatusemi mufute. Tunasema mugawanye.

DISKI NI KAMA PARSELE

Kila mtu hapa anajua parsele ni nini. Uko na kiwanja kimoja, unapima, unatia mipaka, upande mmoja unajenga nyumba ya kwanza, upande mwingine nyumba ya pili. Diski iko hivyo. Kila kipande kinaitwa partisyo. Windows inakaa kwenye partisyo yake, Linux kwenye yake, na unaweza kuacha kipande cha tatu ambacho wote wawili wanafikia, kama uwanja wa pamoja, kwa kuweka maandishi, picha na video.

Tuchukue mfano. Umenunua mashini yenye diski ya giga 500. Windows inakuonyesha 465. Musiseme mumeibiwa: kampuni inahesabu giga kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Kwenye zile 465, unaweza kuachia Windows 150, kupatia Linux 60, na kuweka karibu 250 kwa uwanja wa pamoja. Kinachobaki ni vipande vidogo ambavyo mashini inavihitaji kwa kuwaka. Uwanja wa pamoja muufanye kwa muundo wa NTFS, juu Windows haisomi yenyewe muundo wa ext4 ambao Linux inaupenda, lakini Linux inasoma na kuandika NTFS.

Kila parsele iko na karatasi yake kule kwa kadastre. Diski nayo iko na karatasi inayosema kila kipande kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Karatasi ya zamani inaitwa MBR. Inakubali vipande vikubwa vinne tu, na haipimi vizuri diski inayopita tera 2. Karatasi mpya inaitwa GPT, na Windows inaweza kuandika vipande 128 juu yake. Mbele ya kugusa kitu, muangalie mashini yenu iko na ipi. Ikiwa ni MBR na vipande vinne vimekwisha kujaa, musilazimishe. Karatasi ya mipaka ikiharibika, nyumba zingali zimesimama lakini hakuna anayejua mlango uko wapi. Wale wanaojua vita vya mipaka katika vijiji vyetu wanaelewa.

Tena mukumbuke: sisteme mbili haziwaki pamoja. Ukiwasha mashini, orodha ndogo inayoitwa GRUB inakuuliza unataka kuingia wapi. Unachagua moja, na ile moja inatumia memwari yote. Ukitaka nyingine, unazima na kuwasha tena.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kopi. Mbele ya kipimo, mbele ya flashi, mbele ya yote: munakili kila kitu cha maana kwenye diski nyingine ya nje, kisha mufungue ile kopi kwenye mashini nyingine, muone kama inafunguka kweli. Kopi ambayo haijafunguliwa bado ni matumaini tu.

Hatua ya pili ni umeme. Kupunguza partisyo kunahamisha mafaili kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kuran ikikatika katikati na batiri imekufa, unaweza kupoteza vyote. Mashini nyingi za okazyo batiri zao hazifikishi dakika kumi. Kama batiri yako iko hivyo, ufanyie kazi mahali penye panoo na akiba nzuri, au ungoje. Hakuna haraka.

Hatua ya tatu, ndani ya Windows muangalie mambo mawili. Moja, kama diski imefungwa kwa BitLocker, muandike kwenye karatasi ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Bila hiyo, Windows inaweza kukataa kukufungulia nyumba yako mwenyewe. Mbili, muzime ile njia ya kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows haizimi kabisa, inalala jicho moja wazi, na Linux ikiandika kwenye partisyo yake, mafaili yanaweza kuharibika.

Hatua ya nne, mupunguze partisyo ya Windows kwa chombo cha Windows chenyewe, kile cha kupanga diski. Muache nafasi tupu, musiipatie jina wala muundo. Linux itaikuta.

Hatua ya tano ni flashi. Linux Mint, kwa mfano, iko na uzito wa karibu giga 3. Hapa kwetu tunajua bei ya mega. Basi mtu mmoja apakue, na wengine wanakili kutoka kwake. Lakini yule mmoja alinganishe hesabu ya uhakikisho inayotolewa na watengenezaji wenyewe, ili tujue faili haikuharibika njiani na hakuna aliyetia mkono ndani. Flashi ya giga 8 inatosha. Kila kilicho juu yake kitafutwa, kwa hiyo musichukue flashi ya picha za arusi.

Hatua ya sita, muwashe mashini kupitia flashi na mujaribu Linux bila kuitia. Hii ni haki yenu, haigusi diski. Muangalie kama wifi inashika, sauti inatoka, kioo kinaonyesha vizuri. Kama wifi inakataa, ni heri mujue leo kuliko kesho.

Hatua ya saba, munatia. Hapa musome, musibofye tu. Programu itauliza kama unataka kuitia kando ya Windows ama kufuta diski nzima. Maneno haya mawili yanakaa karibu karibu kwenye kioo, lakini moja linaacha kazi yako ya miaka mitatu na lingine linaichoma. Mashini inaweza kuongea Kifaransa, basi uchague lugha unayoielewa vizuri. Na muangalie klavye: mashini za okazyo zinakuja na klavye za nchi mbalimbali. Ukichagua klavye ambayo si ile ya mashini yako, neno la siri utakaloandika leo halitakuwa lile unaloona kwenye vidole kesho.

Mukimaliza, mutaona jambo moja litakalowashangaza: saa. Linux inaweka saa ya ndani kwa wakati wa dunia, Windows inaisoma kama wakati wa hapa. Kwetu mashariki Windows itakuwa nyuma kwa masaa 2, na Kinshasa kwa saa 1. Mashini haijaharibika. Ndani ya Linux muandike amri timedatectl set-local-rtc 1, na sisteme zote mbili zitapatana.

MPAKA HAUFICHI

Sasa tunafika kwenye neno ambalo hasa limetuleta hapa. Kuna vijana wanafikiri wakigawanya diski, wamelinda kazi yao. Wanasema: Windows ikiingiliwa na virusi, vitu vyangu viko kwenye partisyo nyingine. Ni kweli nusu tu. Ukitia Windows upya, uwanja wa pamoja unabaki, na hiyo ni faida kubwa. Lakini diski ni moja. Ikianguka chini, ikiunguzwa na kuran inayopanda na kushuka, partisyo zote zinakufa siku moja. Moto haujui mpaka wa nyumba mbili zilizo kwenye parsele moja.

Na mwizi naye hajali mpaka. Neno la siri la Windows halifungi diski. Mtu akiichukua mashini yako, akatia flashi ya Linux kama ile mutakayotumia leo, na diski haijafungwa kwa BitLocker ama kitu kama hicho, atasoma kila kitu bila kuulizwa neno la siri hata moja. Sisi wote tumeshika orodha za watu: familia zilizokimbia, mama waliotusimulia yaliyowapata, namba za simu za mashahidi. Watu wale walituamini. Walitupatia majina yao wakijua tutayachunga.

Kwa hiyo orodha kama hizo musiziache wazi, wala kwenye Windows wala kwenye Linux. Kuna programu ya bure inayoitwa VeraCrypt. Inatengeneza sanduku moja linalofungwa kwa neno la siri refu, na sanduku lile lile linafunguka kwenye sisteme zote mbili. Muliweke kwenye uwanja wa pamoja, na kopi yake kwenye diski nyingine inayokaa nyumba nyingine. Neno la siri mukilisahau, hakuna fundi atakayelifungua. Njo maana lazima mulichague vizuri.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mambo matatu kwa kila mtu aliye hapa na kwa kila kundi litakalosoma maneno haya.

Moja: mtu asigawanye mashini ya mwenzake bila mwenye mashini kukubali, na bila kopi. Hata kama ni kaka yako, hata kama anasema haina neno. Mashini ambayo peke yake imeshika dosye ya watu isiwe ile ya kujifunzia.

Mbili: kila kartye iwe na flashi moja iliyohakikishwa na watu wawili wanaojua kazi hii, kijana mmoja wa kike na mmoja wa kiume, ili dada zetu wasibaki paka kumngoja fundi. Watu hao wasiombe pesa kwa kitu ambacho wao wenyewe walikipata bure. Anayeweza kuleta sukari ya chai, alete.

Tatu: mukisha kuzoea Linux, mutuambie ni kazi gani bado inawarudisha kwenye Windows. Tuandike orodha. Kila kitu kwenye orodha ile tutatafuta pamoja namna ya kukifanya, na ile sehemu ya Windows itapungua kidogo kidogo, mwenye mashini akitaka. Asipotaka, ibaki. Mashini ni yake, na yeye ndiye anayeamua nani anakaa ndani.

Hatungoji mtu kutoka mbali aje kutugawia mashini mpya. Hizi tulizo nazo bado ziko na nguvu. Tuanze na kopi, leo, mbele ya jua kuzama. Diski mbili za nje ziko pale mezani, na mstari unaanzia mlangoni.