Kungunyala: Kutoka Mtungini hadi Ndani ya Seli

Leo tunapanda Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanzania, turudi hadi Julai 1952. Homa ilimpata mtu ghafla, viungo vikamuuma hata asiweze kunyooka. Ikaenea vijijini, Newala na Masasi. Wenyewe wakaiita kwa jinsi ilivyomfanya mgonjwa, kwa kitenzi cha Kimakonde, kungunyala: kujikunja. Ndiyo chikungunya. Wanaoandika kwamba neno hili ni Kiswahili wametunyang'anya, nami nalidai hapa hewani.

Madaktari wawili, Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliuandika ugonjwa huo mwaka 1955. Kilichomvutia Lumsden ni maji. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka: uwanda wetu ni mchanga, mvua hunywewa papo hapo, na chemchemi ziko bondeni, chini ya miteremko mikali kama ule wa Shimo la Mungu. Kinamama walishuka alfajiri, wakapanda na maji kichwani. Maji ya taabu kama hayo nani ayamwage? Yalitunzwa mitungini, ndani ya nyumba. Na humo humo ndimo alimozaliana Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Mtafiti R. W. Ross alivipata virusi vya ugonjwa huo katika damu ya wagonjwa na katika mbu hao hao.

Sasa nifuate ndani zaidi, hadi ndani ya seli ambamo virusi hivyo huingia. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, ndiyo majiko yanayopika nguvu ya mwili, na kila jiko lina tando mbili. Kwenye utando wa nje kuna protini iitwayo VDAC. Iligunduliwa mwaka 1976, katika mitokondria za paramesiamu, kiumbe kidogo cha majini. Umbo lake lilipojulikana mwaka 2008, lilionekana kama tenga lisilo na kitako, lililosukwa kwa fito 19. Nguvu iliyopikwa, yaani ATP, hutoka kupitia humo. ADP, ile iliyokwisha kutumika, huingilia humo humo ikapikwe tena.

Lakini utando huo una kazi nyingine, ya kutisha. Seli ikiamua kufa, protini mbili, BAX na BAK, huutoboa. VDAC2, ndugu mmoja wa ukoo huo wa matenga, ndiye anayemsaidia BAK kukaa pale. Protini nyingine, sitokromu c, humwagika nje ya jiko, na seli hukatika vipande vipande. Kwa kawaida hiyo ni hila ya mwili: seli iliyoingiliwa inajitoa mhanga pamoja na mgeni wake.

Virusi vya chikungunya vimeigeuza hila hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa kisiwa cha Réunion, ambako theluthi ya wakazi waliugua mwaka 2005 na 2006, walieleza kwamba virusi huiamsha njia hiyo ya kifo, kisha hujificha katika vipande vya seli inayokufa na kuvuka navyo hadi seli jirani. Kinga inaona mabaki tu, inavipisha.

Na virusi ambavyo maabara nyingi za dunia huvitumia kama kielelezo, aina ya S27, vilitoka katika damu ya mgonjwa wa huku kwetu, wakati wa homa ile ile ya mitungini.