Mlango Unaofungwa
Hotuba ya Mweka Hazina kwenye mkutano wa mwaka na harambee, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, ndugu zangu wa Mbagala, Temeke na kwingineko, na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka nyumbani Rufiji,

Kila mwaka mimi husimama hapa na karatasi za mapato na matumizi, mkanivumilia, mkapiga makofi, tukaenda kula. Hesabu za mwaka huu mtazikuta kwenye kijitabu hiki. Zimekaguliwa na zinalingana. Leo naomba nizungumzie shilingi 640,000 ambazo hamtaziona humo, kwa sababu hazikutumika. Mimi ndiye niliyezizuia.

Mnakumbuka Aprili 2024. Mto Rufiji ulifurika, maji yakafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, ndugu zetu wakahamia sehemu za juu na walichoweza kubeba kichwani. Hapa mjini tulichanga haraka. Ndani ya siku chache tulipeleka unga, maharage, mablanketi, magodoro na dawa za kutibu maji. Hilo tulilifanya vizuri na sitalitia doa.

Maji yalipoanza kushuka, kamati yetu ya nyumbani iliniletea barua. Imeandikwa kwa mkono, nusu ukurasa. Walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na kukuta nyumba 32 ambazo kuta zimesimama na bati lipo, ila milango na madirisha hayafungi. Waliomba shilingi 20,000 kwa kila nyumba: bawaba, komeo, kufuli, misumari na ujira kidogo wa fundi. Mara 32, ndiyo hiyo 640,000.

Nikawajibu kama mhasibu. Niliwaambia fungu hilo halimo kwenye bajeti ya maafa, na kwamba walete kwanza ankara za bei kutoka maduka matatu. Ndugu zangu, barabara za vijijini zilikuwa bado tope. Nilikuwa namwambia mtu avuke tope hadi Ikwiriri kutafuta karatasi tatu za duka, ili aruhusiwe kununua kufuli.

Wakati barua zinakwenda na kurudi, watu walikuwa bado wanalala kwenye mahema na kwenye nyumba za jamaa. Mchana walishuka kusafisha nyumba zao, jioni wakapanda. Usiku nyumba zilibaki wazi.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Ana cherehani ya miguu, ndiyo iliyonishonea sare ya darasa la kwanza, na mpaka mwaka ule ilikuwa inamwingizia hela ya sare za watoto wa shule. Maji yalipokuwa yanapanda, vijana wa jirani walifungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake wakakipandisha darini, juu ya boriti. Kikapona. Maji yaliposhuka kikateremshwa kikafutwa, kikapakwa mafuta, kikawekwa chumbani. Mlango wa chumba ulikuwa umevimba, vijana wakauvunja ili wapate kuingia. Tangu siku hiyo ulikuwa unaegeshwa kwa jiwe. Wiki ya pili cherehani ikaibwa.

Nilipompigia simu kumpa pole alinijibu kwa utaratibu tu: “Baba, na mablanketi yenu yamekwenda. Na godoro.”

Hapo ndipo uhasibu wangu uliponirudia. Godoro lile na mablanketi yale yamo kwenye vitabu vyetu, yana risiti, na mkaguzi ameyapitisha. Tulinunua mali, tukaipeleka kwenye nyumba isiyo na mlango, kisha tukakataa kununua komeo. Wahenga walituachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tuliuona. Mimi niliuombea risiti.

Mwezi wa Desemba nilichukua likizo nikaenda nyumbani, nikakaa siku tisa na fundi seremala mmoja mzee wa pale kwetu. Nilimshikia mbao, naye akanifundisha. Nitawaeleza machache niliyojifunza, kwa sababu wengi wetu hapa tuna nyumba nyumbani, za wazazi au za kwetu wenyewe, na mto ule utajaa tena.

La kwanza ni kuingia. Mlango uliobana baada ya mafuriko usiupige teke. Mbao zimevimba, lakini pia inawezekana ukuta umekaa, na fremu ya mlango ndiyo inayobeba kizingiti cha juu. Ukiung'oa kwa nguvu unaweza kujiangushia ukuta. Zunguka nyumba kwanza, mchana, mkiwa wawili. Tazama nyufa zinazopanda kutoka kwenye pembe za mlango na dirisha, tazama kama ukuta umeinama. Ukiona hivyo, weka mhimili wa miti kabla ya kugusa chochote. Na nyoka hukimbilia ndani ya nyumba kama sisi tunavyokimbilia nje, kwa hiyo fungua kwa fimbo, na mkono ubaki nyuma.

Kabla hujaanza kurekebisha, piga picha: mlango, kufuli, alama ya maji ukutani. Simu zetu zina kazi hiyo pia. Picha ile ndiyo itakayosaidia kamati kujua nyumba ipi ilipata nini.

La pili ni usiku wa kwanza. Usingoje mlango mpya. Lengo la usiku ule ni mtu asiingie kimyakimya. Mbao mbili za kukingama kwa ndani, zikikaa kwenye vishikizo vilivyopigiliwa kwenye nguzo za nyumba, zinatosha. Nasema nguzo, kwa maana udongo uliolowa haushiki msumari. Dirisha lisilo na ubao lizibwe kwa kipande cha bati au mbao, kingo za bati zikunjwe zisikate watoto. Lakini acheni nafasi ya hewa juu, ndogo isiyopitisha mtu, muifunike kwa wavu. Nyumba iliyozibwa kabisa kwa turubai haikauki, na ukuta wa udongo usiokauka ndio unaoanguka baadaye, watu wakidhani hatari imepita.

Na hapa fundi wangu alisimamisha kazi akaniambia nisisahau: popote watu wanapolala, lazima ibaki njia moja inayofunguka kwa ndani bila ufunguo na bila nyundo. Tunatumia vibatari na mishumaa. Msimfungie mwizi nje mkajifungia moto ndani.

La tatu ni subira, na hili ndilo lililonishinda. Mlango uliovimba unatamani kuupiga randa siku hiyohiyo. Fundi alikataa. Mbao hunywa maji na kutanuka upana wake. Ukiiranda ikiwa imelowa, ikikauka itasinyaa, utabaki na mwanya wa kupitisha vidole. Mlango unavuliwa bawaba, unaoshwa tope kwa maji safi, unalazwa kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite juu na chini, unawekewa uzito usijipinde. Ukiuanika juani unapasuka. Wiki kadhaa zinapita kabla ya randa kuguswa. Nyumba iweje wakati huo? Ndiyo maana ya zile mbao za kukingama.

Milango yetu ya zamani ya mninga na mkongo inastahimili haya. Nimeona mlango uliokaa majini siku nyingi ukarudi kwenye fremu yake kama umetoka safari. Ile ya kisasa ya plaiwudi, tunayoinunua hapa mjini kwa sababu inang'aa, inaachana gundi tabaka kwa tabaka. Usitie hela ya ukarabati kwenye mlango wa aina hiyo. Ng'oa bawaba zake, zitumie kwingine.

La nne ni vyuma. Kufuli lililoingia tope lioshwe kwa maji safi, litikiswe likiwa tundu chini, likaushwe, litiwe mafuta ya cherehani au ya mashine. Mafuta ya kula huganda na kukamata vumbi. Bawaba zenye kutu kidogo husuguliwa; zilizolika zibadilishwe. Matundu ya skrubu kwenye mbao iliyolainika hayashiki tena, hivyo ama bawaba isogezwe inchi moja au mbili kwenye mbao nzima, au tundu lizibwe kwa kijiti na gundi kabla ya kukaza upya. Kishikizo cha kufuli kifungwe kwa bolti inayopita mbao hadi ndani na nati ikazwe kwa ndani. Skrubu fupi mwizi huing'oa kwa jembe. Nondo za madirisha zisukumeni kwa mkono moja moja. Ile inayocheza, fremu yake imeoza kwa chini.

Na kama funguo zilipotea kwenye maji, badilisheni kufuli au kitasa. Hujui ufunguo uko kwa nani.

Sasa nirudi kwetu sisi tulio mjini. Siku zile tisa nilihesabu kwa macho nyumba nyingi zilizofungwa ambazo wenyewe wako hapa ukumbini. Wengine mmefunga kufuli mkaondoka na ufunguo. Mafuriko yakija, jirani anatazama tu. Hawezi kupandisha kabati lako wala kukausha nyumba. Na nyumba tupu iliyovunjwa hugeuka kuwa maficho ya vitu vilivyoibwa kwa jirani. Naomba kila mmoja amwachie ufunguo mtu mmoja anayemwamini pale nyumbani, na jina lake lijulikane kwa balozi wa nyumba kumi. Ni jambo lisilohitaji mchango wa mtu yeyote.

Kuna anayeweza kuuliza: kwa nini tutie hela kwenye nyumba ambazo maji yatarudi? Swali hilo ni la haki. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda sehemu za juu. Mwaka 1974 mto ulijaa kupita kiasi, na wazee walio hapa wanaweza kutusimulia. Hata hivyo watu waliendelea kushuka kulima, wakilala kwenye madungu, kwa sababu bonde lile lina rutuba inayoletwa na mafuriko yenyewe. Maji yakipungua tunapanda mlau. Hatuwezi kulitaka bonde bila mto wake. Wapo wanaopaswa kuhama, na kamati inazungumza nao. Lakini zile nyumba 32 ziko kwenye miinuko, maji yalizifikia kwa kuwa mwaka ule ulikuwa mkubwa. Hao wanahitaji kurudi kwao haraka na kukuta vitu vyao vipo.

Ndugu Mwenyekiti, naleta maombi mawili mbele ya mkutano huu.

Ombi la kwanza: tuanzishe fungu dogo ndani ya mfuko wa maafa, tuliite Fungu la Mlango. Vifaa vinunuliwe sasa, wakati wa kiangazi, vihifadhiwe nyumbani sehemu ya juu: bawaba, makomeo, makufuli, bolti, misumari, mbao za kukingama, mafuta ya mashine, na seti moja ya zana za seremala. Shilingi 20,000 ni mlango mmoja. Anayeweza mlango mmoja atoe mmoja, anayeweza madirisha pia tutamshukuru.

Ombi la pili halina gharama, ila najua litaleta mjadala. Tubadilishe kanuni yetu ya fedha, ili kamati ya nyumbani iweze kutumia hadi shilingi 1,000,000 wakati wa maafa kwa saini mbili, bila kungoja mweka hazina wa Dar es Salaam. Risiti ya duka ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, karatasi ya fundi yenye jina la mwenye nyumba, kazi iliyofanyika na saini au dole gumba itoshe, pamoja na picha. Mimi nitaikagua baadaye. Nimekaa na kanuni ile ya zamani miaka sita na niliipenda, kwa sababu ilinilinda mimi nisilaumiwe. Haikumlinda shangazi.

Cherehani haikupatikana. Mlango wa chumba chake upo, niliutundika mwenyewe, na fundi aliurudia kazi yangu mara mbili. Una komeo kwa ndani na kufuli kwa nje. Mwezi uliopita nilimuuliza anaonaje, akasema sasa analala kwake, na anaazima cherehani kwa jirani siku za Jumamosi.

Mchango wangu mimi ni milango 32. Ni deni, na nimekuja kulilipa mbele yenu. Bahasha hii hapa, Ndugu Mwenyekiti.

Naomba kuwasilisha.