Nyama ya Ifakara na Maradhi Yafungayo Minada

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumetakiwa jioni hii tuseme machache juu ya maradhi ya kuenea na riziki ya mfugaji mdogo, nasi tumechagua kuyasema kwa mfano wa Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero. Hapana shaka wako miongoni mwenu wanaojiuliza: Ifakara yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Jawabu limo ndani ya masufuria yenu. Sisi wenye maduka twauza mchele wa bonde lile, na ng'ombe wengi wachinjwao hapa kwetu huvushwa kutoka Bara. Alaye pilau hawezi kusema kwamba mambo ya mwenye mpunga na mwenye ng'ombe hayamhusu.

Kwanza yatupasa tumjue mtu tunayemzungumza. Tangu zamani bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na samaki, nchi ya Wandamba na Wapogoro, na ng'ombe walikuwa haba kwa sababu ya mbung'o. Wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarabaig waliingia kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990. Mwishoni mwa mwaka 2012 wengi katika hao waliondoshwa bondeni pamoja na mifugo yao kwa amri ya Serikali, na hayo yana hotuba yake mbali. Waliopo leo ni jamaa zenye shamba la mpunga na ng'ombe watano, au kumi, au ishirini, na baadhi yao ni maksai wa kulimia. Jamaa hizi haziuzi nyama kwa kampuni wala haziipeleki ng'ambo. Humtoa ng'ombe mmoja, wakampeleka mnadani au wakamwita mchinjaji wa mjini, na nyama ile ikaliwa pale pale Ifakara, kwa kilo na nusu kilo, na walimu, na wauguzi, na wanafunzi, na mama lishe, na wasafiri wa reli ya TAZARA.

Sasa liangalieni jambo moja ambalo mtu wa dukani huliona upesi, kwa kuwa nasi twaishi kwa kuhesabu miezi. Mpunga wa Kilombero hupandwa mvua zikianza, baina ya Desemba na Februari, na huvunwa tangu Mei hata Julai. Basi Februari, Machi na Aprili ghala ni tupu. Palizi yataka vibarua, mtoto ana homa, shule yataka sare. Mto umefurika, na mahali palipokuwa malisho pamesimama mpunga wa watu. Hapo ndipo ng'ombe wa kuuza hutolewa zizini. Na ni katika miezi hiyo hiyo maradhi yalikuja, mara moja katika mwaka 2007 na mara ya pili katika mwaka 2020.

Maradhi ya 2007 ni yale yaitwayo Homa ya Bonde la Ufa. Mbu wake hutaga mayai katika ardhi ya madimbwi, na mayai hayo huweza kulala katika udongo mkavu miaka mingi, mpaka ije mvua kubwa ifurishe mahali pale. Mvua za mwisho wa mwaka 2006 zilikuwa za namna hiyo. Maradhi yalidhihiri Garissa, nchini Kenya, mwezi wa Desemba, na mwanzoni mwa 2007 yakaonekana Tanzania. Mpaka Juni watu 511 walioshukiwa kuwa nayo walikuwa wamehesabiwa katika mikoa 10, Morogoro ukiwa mmojawapo, na 144 katika hao walifariki. Ng'ombe waliokufa walikaribia 17,000, na mbuzi na kondoo walizidi 30,000.

Minada ikafungwa na usafirishaji wa mifugo ukazuiliwa katika sehemu zilizoshukiwa. Walaji nao wakaikimbia nyama ya ng'ombe, wakaelekea kwa kuku na samaki. Na Ifakara yenye mto haikosi kambale na perege, hata bucha isiweze kushindana na hofu. Hatusemi kwamba Serikali ilikosea kuwakinga watu wake. Twasema kwamba mzigo wa kinga ile alitwikwa mtu mmoja, naye ni yule asiye na kitu kingine cha kuuza mwezi wa Machi. Mfanyabiashara mkubwa wa ng'ombe aweza kungoja. Mwenye ng'ombe sita na mgonjwa kitandani hawezi. Mnada ukifungwa, mwenye fedha huja mpaka zizini, akataja bei aitakayo, na hapana wa kumpinga kwa kuwa hapana bei nyingine ya kuipimia.

Nalo lililo baya zaidi ni kwamba njia hiyo huipeleka hatari kule isikoonekana. Binadamu huipata homa hii kwa kuumwa na mbu, na kwa kugusa damu, nyama mbichi, au mimba iliyotoka ya mnyama mgonjwa. Na maziwa yasiyochemshwa hayana amani. Nyama iliyopikwa ikaiva sawasawa haidhuru. Kwa hiyo aliye hatarini zaidi ni mchungaji, na mchinjaji, na mwenye kuchuna ngozi, kuliko yule anunuaye nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Machinjio yakifungwa pasipo kumfikiria mwenye ng'ombe, mnyama huchinjwa porini usiku, bila ya mkaguzi na bila ya maji ya kunawa, na nyama ikaingia mjini ndani ya kapu. Walaji hudhani wamekingwa, na kumbe kinga imeondolewa.

Tuje katika mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, Arusha, na siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa. Minada haikufungwa, wala watu hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingine, na mwenye insafu atalisema hilo kuwa ni jema kwa mfugaji mdogo. Walakini mnunuzi huweza kutoweka hata kama mlango wa soko u wazi. Mji kama Ifakara hulisha shule na vyuo. Vyuo na kidato cha sita vilirejea tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Sufuria la shule likikaa tupu tangu Machi mpaka Juni, mchinjaji aliyekuwa akiangusha ng'ombe huangusha mbuzi, na jamaa iliyomtegemea hurudi na ng'ombe wake nyumbani. Kwetu visiwani mahoteli nayo yalifungwa, na kila mwuza nyama hapa anaijua hesabu yake.

Tena yako ya khabari. Tangu mapema mwezi wa Mei 2020 hesabu ya wagonjwa iliyotangazwa ilisimama kwenye 509, na waliofariki 21, na haikusogea tena mpaka katikati ya mwaka 2021. Wako wanaosema kwamba kunyamaza kulimwokoa mfanyabiashara, kwa kuwa hofu ilipungua. Sisi hatukubaliani nao, na twasema hivyo kama watu wa biashara. Khabari ya kweli ikikosekana, uvumi huchukua nafasi yake, na uvumi hauna tarehe wala mahali. Mwaka 2007 mfugaji aliambiwa: mkoa huu umeguswa, wilaya ile haijaguswa. Aliumia, lakini alijua amesimama wapi. Mwaka 2020 mlanguzi aliweza kumwambia mtu yeyote kwamba mjini hakuna mlaji kwa ajili ya korona, na mwenye ng'ombe hakuwa na karatasi ya kumjibu nayo.

Wala si kweli kwamba maradhi ya mifugo ni mvua isiyozuilika. Sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikawaacha Wamasai hawana kitu, ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Na chanjo iliyofanya kazi kubwa zaidi katika kuimaliza ilitengenezwa hapa jirani, Muguga nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Ilimalizika kwa kuchanja mifugo ya watu wadogo, zizi kwa zizi.

Homa ya Bonde la Ufa haijamalizika. Uchunguzi wa mifugo ya Kilombero uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta alama za maradhi katika damu ya wanyama 11.3 katika kila 100, na katika wale waliozaliwa baada ya mwaka 2007 zilikuwa 5.5 katika kila 100. Maana yake yalikuwa yakipita kimya kimya katika miaka ambayo hapana aliyeyataja. Uchunguzi wa mwaka 2015 ukakuta alama hizo kwa watu 11.7 katika kila 100. Haya yamejulikana. Chanjo ya kabla ya mvua, basi, si jambo la kungoja tangazo la mlipuko. Na siku mnada ukilazimika kufungwa, atangazwe pia nani atakayemnunua ng'ombe mzima wa mwenye shida, kwa bei gani, na mpaka lini. Amri ya kufunga isiyotaja bei ni nusu ya amri.

Na sisi hapa, Idi ya kuchinja ikija, mwenye jeraha mkononi asichinje wala asichune, damu ifukiwe, mnyama aliyetoka kutupa mimba asinunuliwe hata kwa bei rahisi, na maziwa yachemshwe. Katika bucha muulizeni mwuzaji muhuri u wapi, mbele ya wanunuzi wengine, kwa sauti ya kusikika.

Mwenye suala na aulize.