Hatari katika Bahari ya Sham

Wasikilizaji, Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, safari ya meli baina ya Asia na Ulaya ilifupika sana. Lakini tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kuzishambulia meli za biashara katika Bahari ya Sham. Machi 2024 meli Rubymar ilizama na shehena yake ya mbolea. Mwezi huo huo mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa. Wenye meli wengi wakaihama njia ile, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikazidi kwa siku 10 hivi. Gharama za mafuta, bima na nauli zikapanda. Basi hata meli isiyopigwa hutozwa na hofu. Na mlipaji ni mnunuzi dukani, ambaye pengine hajapata kuiona bahari.